Kufoka au kughani? Somo kutoka obokano hadi ‘Lucky You’

Ijumaa moja jioni, muhula ukikaribia kwisha, nilipanda matatu Keroka kuelekea Kisii mjini. Keroka, kwa asiyepajua, ni mji ulioketi mpakani: sehemu yake iko kaunti ya Kisii na sehemu nyingine iko Nyamira, na si ajabu ukanunua ndizi upande mmoja ukazilia upande wa pili. Dereva alikuwa ameweka wimbo wa Nyashinski. Abiria nusu nzima walikuwa wakiufuatisha kwa midomo, mama mmoja mwenye kapu la mboga akiwemo.

Kando yangu alikaa mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu. Akanigeukia: “Mwalimu, juzi darasani ulituambia muziki huu unaitwa muziki wa kufoka. Sasa huyu anamfokea nani? Mbona ni kama anacheka?”

Nilimpa lile jibu letu walimu: “Hilo ni swali zuri, tutalirudia darasani.” Wasomaji waliowahi kushika chaki wanajua maana yake. Sikuwa na jibu.

Makala haya ni jaribio la kulitafuta. Nalo haliko kwenye kamusi peke yake. Liko katika historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika vilima vya Gusii.

Tuanze na neno lenyewe. Maziwa yakisahauliwa jikoni hufoka yakamwagika motoni. Mtu naye akifoka, amepandwa na hasira na maneno yanamtoka bila breki. Ndilo neno ambalo magazeti na redio zetu zililichukua miaka mingi iliyopita kuutaja mtindo huu uliotoka Marekani, na mara nyingi walilikariri: muziki wa kufokafoka. Kukariri kitenzi katika Kiswahili huwa na kejeli yake. Kutembeatembea ni kutembea bila shughuli maalumu. Kusemasema ni kusema ovyo. Kwa hiyo kufokafoka ni kupiga kelele za hasira zisizo na mwelekeo. Jina hilo halikutoka kwa waliokuwa ndani ya nyumba. Lilitolewa na jirani aliyesikia kishindo tu kupitia ukutani.

Wenyewe walijitafutia majina mengine. Watanzania husema kuchana, na mashabiki wao husifu jinsi msanii anavyochana mistari. Vijana wa Nairobi walichukua maneno ya Kiingereza wakayavisha viambishi vya Kiswahili, kama ilivyo desturi ya Sheng. Lakini katika Kiswahili cha vitabu na magazeti ya Kenya, kufoka kumebaki kileleni.

Je, jina hilo lilikuwa la uongo? Si kabisa. Mwaka 1997 vijana watatu wa Dandora waliojiita Kalamashaka walitoa kibao “Tafsiri Hii”. Maisha waliyoyasimulia yalikuwa ya mtaa uliokaa kando ya jalala kuu la jiji, ajira hakuna na polisi tele. Hasira ilikuwepo, tena ilikuwa na sababu. Mtu angewaambia hawa wanafoka, wangeweza kumjibu: ndio, na wewe ungekuwa hapa ungefoka.

Hata hivyo, hasira haikuwa kamba pekee ya chombo hiki. Mwaka 2001 Professor Jay wa Tanzania alitoa “Ndio Mzee”. Humo anavaa sauti ya mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana, na umati unamwitikia kwa utiifu. Hakuna aliyefoka humo. Kuna mzaha mkali unaomvua mwanasiasa nguo huku yeye mwenyewe akiendelea kujipigia makofi. Historia nayo ina mizaha yake: mwaka 2015 msanii huyohuyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi.

Hali ilikuwa hivyo hata mbali zaidi. Jijini London, mwaka 2003, msanii mmoja aliyejiita Ty alitoa albamu iitwayo “Upwards”. Jina lake halisi lilikuwa Benedict Chijioke, Mwingereza mwana wa wazazi kutoka Nigeria. Wakati huo, mtu akitaja muziki wa aina hii watu walidhani ni lazima uwe na lafudhi ya New York na bastola kiunoni. Ty hakuwa na habari na hayo. Alizungumza kama mtu wa London, akajitania, akawatania wenzake, akaisimulia siku ya kawaida ya mtu wa kawaida, na chini ya maneno hayo pakapita soul, jazi na midundo ya Afrika Magharibi. Mwaka uliofuata albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Mercury, mojawapo ya tuzo zinazoheshimiwa zaidi katika muziki wa Uingereza. Haikushinda, lakini waliompenda Ty hawakumpenda kwa ajili ya kikombe. Walimpenda kwa sababu aliwafanya wacheke bila kuwadharau, na wahuzunike bila kuwalilia.

Sasa turudi nyumbani, maana huenda mtu anauliza: London ina nini na Nyamira?

Katika Gusii kuna chombo kiitwacho obokano. Ni kinubi kikubwa chenye nyuzi nane, bakuli lake limewambwa ngozi, na sauti yake ni nzito, yenye mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Mpigaji huketi kwenye kigoda, chombo mbele yake, akaanza. Na anachokifanya si kuimba tupu. Ataimba kidogo, kisha sauti itashuka iwe karibu na mazungumzo, maneno yakikimbizana juu ya mdundo ule ule. Katika harusi au karamu, humsifu mwenye boma, humtania aliyekuja mikono mitupu, hukumbusha ukoo wa huyu na visa vya yule. Aliyetajwa hucheka, hata kama amechomwa, kwa sababu kutajwa kwenyewe ni heshima.

Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wanaye mtu huyu kwenye madaftari yao. Wanamwita yeli au manju. Anachokitoa kinaitwa maghani, yaani utungo unaotolewa kwa sauti iliyo kati ya kusema na kuimba. Na akijisifu mwenyewe, tunaita majigambo au kivugo. Hebu msomaji nisaidie: utungo ulio kati ya kusema na kuimba, unaofuata mdundo, wenye majigambo na utani, si ndio huo tunaouita wa kufoka ukitoka kwa kijana aliyevaa kofia? Ukitoka kwa mzee kwenye kigoda ni maghani na unatahiniwa. Ukitoka kwenye spika ya matatu ni kelele.

Utani wa lugha katika Gusii una kumbukumbu ndefu, hata katika saa za msiba. Waingereza waliingia nchi hii kwa silaha mwaka 1905. Mnamo Januari 1908 kijana Otenyo, akichochewa na maneno ya nabii wa kike Moraa, alimchoma mkuki mtawala wa wilaya, Geoffrey Northcote. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Wagusii hawakupona kirahisi: nyumba zilichomwa, watu wengi wakauawa, na maelfu ya ng’ombe wakatwaliwa. Lakini jina la mtawala huyo halikuachwa hivihivi. Ulimi wa Wagusii ulilikataa kama lilivyokuja. Wakamwita Nyarigoti.

Litazame jina hilo kwa jicho la isimu. Ekegusii, kama Kiswahili, hakipendi silabi inayofungwa kwa konsonanti, kwa hivyo irabu zilipachikwa ili neno lipumue. Kisha mwanzoni pakaja Nya-, mwanzo ulio wa kawaida kabisa katika majina ya huku: Nyamira, Nyaribari, Nyanchwa, Nyabururu. Mtawala akaja na bunduki akidhani ameiteka nchi, kumbe jina lake limetekwa, limevishwa nguo za kienyeji, na kila akiitwa anaitwa kama mtoto wa boma fulani. Sijui ushindi mdogo unaoweza kupatikana kwa aliyenyang’anywa ng’ombe ambao ni mtamu kuliko huo.

Kamba ya pili ya historia hii ni kanisa. Wakatoliki walianzisha misheni Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafuata Nyanchwa muda mfupi baadaye. Wamisionari hawakupendezwa na ngoma zilizoandamana na pombe, na mpiga obokano akaanza kuonekana mtu wa zamani. Lakini waliyemfungia mlango mbele aliingia kwa nyuma. Kwaya za sauti nne zilisambaa vilimani, na hadi leo ukipita Jumamosi asubuhi kati ya Kisii na Nyamira utazisikia kutoka kanisa moja hadi jingine. Muziki wa soul wa Marekani ulizaliwa pia kanisani, kwa watu weusi waliobeba mtindo wa ibada wakauingiza katika nyimbo za mapenzi na za maisha. Sikio lililolelewa na kwaya haliambiwi soul ni nini. Linaijua kabla ya kujua jina lake.

Kisha likaja gitaa. Benga ilipovuma Nyanza, Gusii ilipata watu wake, na marehemu Christopher Monyoncho akawa miongoni mwa waliojulikana zaidi. Gita lilikimbia, Ekegusii kikakimbia nalo, na visa vya ndoa, vya mashamba na vya majirani vikasimuliwa kwa redio. Yeli alikuwa amehama kutoka kigodani akaingia studioni.

Ndipo tunafika kwa huyu wa matatu. Jina lake la kuzaliwa ni Nyamari Ongegu, na Mgusii akilisikia haulizi mara mbili. Alijulikana katikati ya miaka ya 2000 katika kundi la Kleptomaniax, pamoja na Collo na Roba, lililotamba kwa vibao kama “Tuendelee” na “Swing Swing”. Kisha akahamia Marekani, akakaa huko takriban mwongo mmoja, na kama alivyosimulia mwenyewe, akafanya kazi ya udereva wa lori. Mwaka 2016 alirejea na “Now You Know”, ambao kwa istilahi zetu ni kivugo kamili: mtu aliyepotea anarudi bomani na kujitangaza. Baadaye zikaja “Mungu Pekee”, wimbo wa shukrani ambao ungeingia kanisani bila kubisha, na “Malaika”, wa mapenzi. Albamu yake “Lucky You” ilitoka mwaka 2020.

Jina la usanii kwanza. Nyamari amelikata, akabakiza Nya-, kisha akalimalizia kwa mkia wa kizungu cha Ulaya Mashariki. Mwaka 1908 mababu walichukua jina la Mwingereza wakalipa kichwa cha Kigusii. Karne moja baadaye mjukuu akachukua jina la Kigusii akalipa mkia wa kigeni. Kichwa ni kile kile, Nya-. Huo si ufokaji, jamani. Huo ni mchezo wa mtu anayejua majina yanavyofanya kazi.

Jina la albamu nalo lina pande mbili. Ukilitafsiri utapata “bahati yako”, na kila Mkenya anajua kwamba maneno hayo mawili yanaweza kuwa pongezi au onyo. Mtu ameshinda zawadi: bahati yako! Mtu amekukanyaga mguu ukiwa na haraka: bahati yako. Toni ndiyo inayoamua. Msanii anayeweka maneno kama hayo juu ya jalada anamwambia msikilizaji kwamba kazi ya kusikia ni yake pia.

Ndani ya albamu hiyo Kiswahili, Kiingereza na Sheng vinapishana, na sauti inahama kutoka kusema hadi kuimba bila kubadilisha gia kwa kishindo. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wapenzi wa ushairi wanapaswa kulipenda. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, nazo ni tano tu. Kwa hiyo kina cha irabu tupu ni cha bei rahisi. Hata mtoto atatunga. Ndiyo maana washairi wetu wa kale walidai silabi nzima ifanane, si irabu peke yake. Mghani wa leo ana tatizo hilohilo, na ana njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kukopa maneno ya Kiingereza na ya Sheng yanayofunga kwa konsonanti, kama “mat” kwa matatu, ili apate mlio ambao Kiswahili sanifu hakina. Ya pili ni kuacha kina kipumzike na kuweka uzito kwenye maana. Neno “kaa” ni makaa, ni mnyama wa baharini, ni kuketi, na mtaani ni “kama”. Anayejua kucheza na neno moja lenye milango minne hahitaji kupiga kelele. Isitoshe, mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na msanii mzuri huuachia mdundo umkute hapo. Ndiyo sababu mama mwenye kapu la mboga aliweza kufuatisha.

Nijihadhari sasa. Sidai kwamba Nyashinski alijifunza kazi kwa mpiga obokano. Muziki wake ni wa Nairobi na wa Marekani, na nyimbo zake zilizompa jina hazikutungwa kwa Ekegusii. Atakayeniambia kwamba kijana wa Keroka anaghani beti nzima za Sheng lakini hajawahi kuketi karibu na obokano, sitambishia. Ni kweli, na inauma. Sensa ya 2019 ilihesabu Wagusii zaidi ya milioni 2.7, na bado watoto wengi wa mijini hukijibu Ekegusii cha nyanya yao kwa Kiswahili. Wengine huona haya, kwa kuwa lafudhi ya Kikisii imekuwa kichekesho cha bei nafuu jukwaani. Mchekeshaji akiishiwa na la kusema, huigiza Mkisii, ukumbi ukaanguka.

Lakini hapo ndipo ninapoona faida ya historia. Historia ninayoieleza si ya msanii na mwalimu wake. Ni ya masikio. Watu waliozoeshwa kwa vizazi vingi kusikia sauti iliyo kati ya kusema na kuimba, waliozoea kwamba utani unaweza kuwa njia ya kumheshimu mtu, na ambao kwaya iliwafundisha kupokea huzuni kwa sauti nne, watu hao walipokutana na albamu ya ucheshi na moyo hawakuhitaji kutafsiriwa. Mtu wa London alimpenda Ty kwa kuwa alisikia jirani yake akisema. Abiria wa Keroka alisikia kitu kama hicho. Na tofauti kati ya kumcheka mtu na kucheka naye, ambayo mchekeshaji wetu hajaijua, mpiga obokano aliijua zamani.

Ty alifariki Mei 2020, akiwa na umri wa miaka 47, baada ya kuugua korona. Ugonjwa huo ulikuwa umethibitishwa Kenya Machi mwaka huohuo, na “Lucky You” ikawa mojawapo ya albamu zilizosikilizwa nyumbani, kafyu ikiwa nje na shule zikiwa zimefungwa. Nakumbuka vijana wa mtaa wangu wakiisikiliza kwa simu moja, wameketi mbalimbali kama walivyoagizwa, spika ikiwa katikati kwenye kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Ulikuwa mwaka wa woga. Sikumsikia anayefoka.

Basi pendekezo langu ni hili. Tuliache neno kufoka liwatumikie wanaofoka kweli, nao wapo na wana haki yao. Kwa sanaa kwa jumla, tuseme kughani, na msanii tumwite mghani. Neno ni letu, lina nasaba katika ushairi, na tayari liko katika silabasi. Wako watakaodai kwamba hilo ni kuupamba uhuni kwa vazi la fasihi. Nawauliza: mashairi mangapi ya mapenzi tunayoyafundisha leo kwa heshima yalitungwa na vijana waliokuwa wakigombezwa na wazee wao? Jina si pambo. Mwanafunzi akiambiwa wimbo aupendao ni kelele, atauacha nje ya lango la shule, na pamoja nao ataacha sikio lake. Akiambiwa ni maghani, atauleta darasani, na siku hiyo tutaweza kumuuliza: na babu yako, alighani nini?

Jumatatu iliyofuata niliandika maneno mawili ubaoni, kufoka na kughani, nikawaachia wanafunzi wabishane. Walibishana hadi kengele ikalia. Yule kijana wa matatu akasema kwamba yeye ameridhika na kughani, ila anataka kujua kwa Ekegusii, mpiga obokano anaposhusha sauti akawa kama anaongea, wazee huliitaje tendo hilo. Anajua gotera, ambalo ni kuimba, lakini hilo halimtoshi.

Nami halinitoshi. Safari hii sikusema tutalirudia darasani. Niliwapa kazi ya nyumbani: kila mmoja akamuulize mtu mzima zaidi katika boma lao, aandike neno kama linavyotamkwa, na kisa kinachoandamana nalo. Madaftari nitayakusanya wiki ijayo.